Gia ya Tatu ni Muziro

Mzee Karugendo wa Muhutwe alipata gari kabla ya kupata baiskeli, na jambo hilo majirani hawakumsamehe upesi. Mtu hupata baiskeli kwanza, akaiendesha mpaka imtie sugu, ndipo akaanza kuota mambo ya magari. Yeye aliamka mpishi wa Mgiriki, akalala mwenye gari. Tena si gari la kubebea mikungu ya ndizi wala magunia ya kahawa. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la viti viwili tu, lisilo na paa ila turubai la kukunja, na lilikaa chini kiasi kwamba bata akipita mbele yake, yeye na dereva hutazamana usoni.

Mgiriki mwenyewe, Bwana Yani, alikuwa mnunuzi wa kahawa mjini Bukoba. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 alisikiliza redio siku tatu mfululizo, na siku ya nne akaanza kufunga masanduku. Karugendo alikuwa amempikia miaka kumi na minane. Siku ya meli Bwana Yani alimwita uani, akamtia mkononi ufunguo na kadi ya gari, akamvika kofia yake ya majani, akambusu mashavu yote mawili mbele za watu, akaenda zake akilia. Karugendo naye alilia, tena kwa moyo wote. Halafu akakumbuka kwamba hajui kuendesha.

Cha kuchekesha ni kwamba hakuwahi hata kukaa ndani ya gari lile. Kwa miaka minane alikuwa akiliosha kila Jumamosi, akalijua kila kona kwa kitambaa. Bwana Yani alipokuwa anasafiri, Karugendo alikuja mbio na kikapu cha chakula, kikawekwa kwenye kiti cha pili, na gari likaondoka. Kikapu kilikwenda kutembea Muleba, kikafika Kyaka, kikapigwa na upepo wa ziwa. Aliyekipika kilichomo alirudi jikoni kusugua sufuria. Kwa hesabu hiyo kikapu kilimzidi cheo.

Aliyelileta gari Muhutwe ni Muhidini, fundi wa Kashai aliyekuwa akilitengeneza tangu zamani. Alimkaribisha mzee kiti cha pili waende pamoja. Mzee alikataa katakata.

"Nimengoja miaka minane, sasa niingie kama mzigo wa kusindikizwa?" alisema. "Kile kiti nitakikalia siku mwanangu atakapokuwa ameshika usukani."

Basi gari likatangulia na mwenye gari akafuata kwa basi.

Watu wa Muhutwe walifikiri mzee ana mtoto wa kiume mahali fulani ambaye hawajaambiwa habari zake, kwa sababu mtoto waliyemjua ni mmoja tu, naye ni binti. Klaudia Kokubanza alikuwa na miaka ishirini na mmoja, amemaliza darasa la nane kwa masista, mrefu, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni kinachoweza kusikika vibanja vitatu. Mzee alimaanisha huyo huyo. Alipomwambia, Kokubanza aliuweka chini mkungu wa ndizi aliokuwa nao kichwani, akalizunguka gari mara mbili, akauliza swali moja tu.

"Tata, tunaanza leo?"

Hawakuanza siku hiyo, maana balozi wa nyumba kumi, Bwana Bartholomayo, alifika kabla ya jua kuzama na daftari lake. Yeye alikuwa mtu wa siasa na hakupenda kupitwa na jambo.

"Waitu Karugendo," alisema, "nchi yetu sasa ni ya ujamaa. Ujamaa ni kukaa pamoja. Hili gari lako linakaa wawili. Je, wawili ni pamoja?"

Karugendo alifikiri. "Wawili ndio mwanzo wa pamoja," alisema. "Hata Adamu na Hawa hawakuanza na basi."

Balozi aliandika jibu lile neno kwa neno, akalisoma tena kwa sauti, akaona halina kosa. Kisha akaomba aguse honi. Alipoigusa kuku wote wa kibanja waliruka ukuta wa migomba, na balozi akarudi nyumbani akitabasamu peke yake njiani.

Muhidini ndiye aliyekuwa na habari mbaya. Alichora barabara za gia mchangani kwa kijiti: moja juu kushoto, mbili chini yake, tatu juu kulia, nne chini yake. Halafu akaifuta ile tatu kwa kidole gumba.

"Hii ilikufa," alisema. "Miaka mitatu sasa. Meno yamevunjika, mapande yake nimeyatoa, na spea haziji. Moja ni nzima, mbili nzima, nne nzima. Bwana Yani alikuwa anaruka, kutoka mbili mpaka nne, kutoka nne mpaka mbili. Lakini mtu akiingiza tatu, inaweza kung'ang'ania na wenzake, na gari zima likafa."

Karugendo aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa jambo analolijua siku nyingi.

"Ni muziro wake," alisema.

Kwa Wahaya hapo hakuna la kuuliza tena. Kila ukoo una muziro wake, kitu usichokila wala kukigusa. Hawa hawali nyama ya pongo, wale hawali samaki kamongo, wengine ni ng'ombe wa rangi fulani. Ukiuliza sababu utaambiwa babu alisema, na babu naye aliambiwa. Anayekula muziro wake, wazee husema, meno humdondoka. Sasa kama watu wana miziro yao, ni ajabu gani gari nalo likawa na wake?

"Kama sisi na nguruwe," alisema Muhidini aliyekuwa Mwislamu safi, na wote wakaona wameelewana.

Kokubanza ndiye aliyelielewa jambo lile kuliko wote. Kila mwaka senene, wale panzi wa kuliwa, waliposhuka, yeye na mama yake, Mungu amrehemu, waliamka alfajiri kuwakusanya, wakawanyonyoa mbawa na miguu, wakawakaanga mpaka nyumba ikanukia, kisha wakawapa wanaume wale. Mwanamke wa Kihaya hakula senene. Walikuwa mikononi mwake, vidole vimejaa mafuta yao, na hakulamba hata kimoja. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, gia iliyo karibu na mkono na isiyoguswa haikuwa mzigo hata kidogo.

Walijifunzia kiwanja cha mpira cha shule, jioni baada ya wanafunzi kuondoka. Muhidini alikuja kwa basi kila Alhamisi. Kuruka gia si kazi ya mkono, alimwambia, ni kazi ya sikio. Ukitoka mbili kwenda nne, injini lazima ipewe nafasi ya kushusha pumzi. Ukiiwahisha inaguta, ukiichelewesha inazimika. Ukishuka kutoka nne kwenda mbili, mambo ni kinyume: frii, piga resi ya nguvu, kisha tia mbili kabla injini haijasahau.

"Nafasi yenyewe ni ndefu kiasi gani?" aliuliza Kokubanza.

Muhidini hakuwa na saa. Alijaribu kuhesabu, akajaribu kupiga makofi, mwishowe Kokubanza akapata dawa mwenyewe. Kupanda alisema "waaaitu," lile neno la heshima la Kihaya, taratibu, kama anamsalimu mkwe. Neno likiisha, nne inapokea. Kushuka alipiga kelele moja fupi, "Mawe!", yaani "mama yangu!" kwa Kihaya, pale pale mguu ukiwa kwenye mafuta, na mbili ikaingia kama imetumwa. Baada ya miezi sita alikuwa akizunguka kiwanja kile waaaitu, mawe, waaaitu, mawe, mpaka watawa wa jirani wakadhani kuna madhehebu mapya.

Karugendo alikaa kwenye nguzo ya goli akitazama. Kiti cha pili hakikuwa chake bado, kwa sababu sheria ilisema anayejifunza awe na mwenye leseni kando yake, na mwenye leseni alikuwa Muhidini. Gari la viti vinne lingemaliza ugomvi huo siku ya kwanza. Hili la viwili lilimaanisha jambo moja: mpaka Kokubanza apate leseni, baba yake hatapanda. Na mzee alikuwa amepita sitini, kifua kikimkohoza kila masika. Hilo halikusemwa na mtu nyumbani, lakini Kokubanza aliliwaza kila alipowasha injini.

Leseni zilitolewa Bukoba, na aliyezitoa alikuwa Afande Mushumbusi, mtahini aliyekuja kwa meli kutoka Mwanza kila baada ya miezi mitatu. Alikuwa Mhaya aliyekulia Mwanza, mtu mnene, nadhifu, aliyejua sheria za barabarani kama wengine wanavyojua Baba Yetu. Madereva wa malori waliokuwa wameendesha miaka kumi walitoka kwake wameinamisha vichwa. Alikuwa na kanuni yake: makosa matatu, misalaba mitatu, rudi nyumbani.

Siku ya Kokubanza ilikuwa Novemba 1968. Mzee alitangulia kwa basi jana yake, na asubuhi akawa ameketi kwenye jiwe nje ya kituo, amevaa kofia ya Bwana Yani na koti la kanisani. Kokubanza na Muhidini waliwasili wameloa umande. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ukungu ulikuwa umelala juu ya mji, na ndani ya ukungu ule, kwa maelfu na maelfu, senene walikuwa wanashuka.

Asiyewahi kuiona Bukoba siku ya senene hajaona wazimu wa furaha. Karani aliacha ofisi, mwalimu akaacha chaki, mgonjwa akashuka kitandani. Watu walikimbia huku na huku na madebe, magunia, kanga, hata chandarua, wakiinama, wakiruka, wakigongana vichwa na kucheka. Muhidini alitazama barabara, akamtazama afande.

"Afande, labda kesho?"

"Mtihani hauahirishwi kwa sababu ya wadudu," alisema Afande Mushumbusi, akaingia garini.

Gari lilishuka kwa upande wake kama mizani. Magoti yalimfika kifuani, na juu ya magoti akaweka faili. Turubai lilikuwa halikunjuki tangu mwaka uliopita, kwa hiyo senene wa kwanza alitua kwenye kofia yake kabla hawajatoka getini. Kokubanza alimwona baba yake akisimama juu ya jiwe ili aone vizuri.

Walipanda mlima wa Rwamishenye kwa gia ya pili, bila tatizo. Kule juu, kwenye tambarare, injini ilianza kulia. Kokubanza alikanyaga klachi.

"Waaaitu," alinong'ona, na nne ikapokea.

"Umesema nini?" aliuliza afande.

"Nimesema waitu, afande."

"Unamsalimu nani?"

"Gia, afande."

Afande alifungua faili. "Umesahau ya tatu."

"Sijaisahau, afande."

Msalaba wa kwanza. Walienda mpaka mbele, wakageuza, akaambiwa apunguze, aongeze tena. Waaaitu. Msalaba wa pili. Senene walikuwa wamejaa kwenye sakafu, wakapanda kwenye soksi za afande, wakaingia katikati ya kurasa za faili. Kokubanza alikuwa na hofu ya kweli, lakini kicheko nacho kilikuwa kinampanda, na alijua kikitoka hakitarudi.

Halafu walianza kuteremka kurudi mjini, wakiwa katika nne. Ukungu ulifunguka ghafla na ziwa lote likatokea chini yao, na kwenye kona, barabara nzima ilikuwa imejaa watu. Walikuwa wameinama, migongo juu, hakuna hata mmoja anayetazama. Kokubanza aligusa breki na gari likateleza. Senene wana mafuta. Ukikanyaga elfu moja kwa gurudumu, barabara inakuwa kikaango.

"Tatu!" alipiga kelele afande. "Ingiza tatu! Tatu!"

Klachi, frii, mguu kwenye mafuta.

"MAWE!"

Mbili iliingia. Injini ilinguruma, pua ya gari ikainama, na senene wote waliokuwa wamelundikana juu ya turubai lililokunjwa nyuma wakamwagika kwa pamoja kwenye mapaja ya Afande Mushumbusi. Gari lilipunguza, likapunguza, likasimama shubiri moja kutoka kwenye makalio ya bibi mmoja aliyekuwa akijaza kanga yake. Bibi hakugeuka.

"Pita upande ule," alisema huku akiendelea kuokota. "Hapa nimewahi mimi."

Kokubanza alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kichwa juu ya usukani, na woga wenyewe ndio kwanza umefika. Afande alivua kofia, akamwaga senene, akaivaa tena. Yeye hakucheka. Alikuwa anaijua kazi yake, na alijua kwamba njia ya kupitia tatu ilikuwa ndefu zaidi kuliko nafasi iliyokuwepo. Lakini mtu aliyewanyima leseni madereva wa malori Bukoba nzima hawezi kushindwa na binti mbele ya bibi wa senene.

"Nani alikufundisha kuruka gia?"

"Afande, gia ya tatu ni muziro wa gari hili."

"Muziro." Afande alilitamka neno kama anatoa mfupa wa samaki mdomoni. "Binti, mimi nimesoma. Hayo mambo tumeyaacha. Sikiliza, breki hiyo ya injini nimeiona, ni nzuri. Sasa ondoka hapa taratibu, moja, mbili, tatu. Sekunde moja tu nione tatu, nafuta misalaba, unapata leseni leo. Ukikataa, huo ni msalaba wa tatu, tuonane Februari."

Sekunde moja. Kokubanza aliuweka mkono juu ya mkono wa gia. Ilikuwa hapo, juu kulia, karibu kuliko kikombe mezani. Aliwaza jiwe nje ya kituo na mzee aliyesimama juu yake, na kikohozi cha masika yatakayokuja. Akaiwaza sekunde ile ikilia vibaya, na gari limekufa mlimani, na kiti kile kisikaliwe na mzee leo wala kesho kutwa. Alitoa mkono.

"Nitakuja Februari, afande."

"Basi hama hapo. Nitaiingiza mwenyewe."

Walibadilishana viti. Afande alijipenyeza nyuma ya usukani kwa shida, akaondoka vizuri kabisa, moja, mbili, mtu anayejua. Halafu akasukuma juu kulia.

Sauti iliyotoka, watu wa Rwamishenye waliisimulia miaka mingi. Haikuwa ya kusaga wala ya kuvunjika; ilikuwa ya mnyama anayekataa kuchinjwa. Senene wote garini waliruka kwa wakati mmoja. Gari lilitikisika, likazima. Bibi wa kanga, aliyekuwa hajainuka tangu alfajiri, aliinuka, akaja polepole akishika kiuno, akamwangalia afande usoni kwa huruma kubwa.

"Mawe, mwanangu," alisema, "umekula muziro wa watu. Hebu kagua meno yako."

Umati ulikuwa umeshasogea. Hakuna aliyecheka, wote walikuwa wanangoja. Na Kokubanza alimwona Afande Mushumbusi, mtu aliyesoma, akipitisha ulimi taratibu ndani ya shavu lake, jino moja baada ya jingine, upande wa juu, kisha upande wa chini.

Alipomaliza kuhesabu alishuka bila kuambiwa. Kokubanza alirudi kwenye usukani. Mkono wa gia ulikuwa umekwama. Aliushika kwa vidole viwili, akautikisa kidogo kidogo, akiusemesha kwa Kihaya maneno ambayo mama husemesha mtoto aliyeanguka. Ukatoka, ukawa frii. Aliwasha injini. Akatia moja, akafumba macho, akaachia klachi.

Gari likaenda.

Umati ulipiga vigelegele mpaka senene wakaruka tena. Afande alilikimbilia gari, faili kwapani, akajitupa kitini. Waliteremka kuelekea mjini. Walipofika tambarare ya chini na injini ikaanza kulia, Kokubanza alisikia sauti nzito kando yake ikinong'ona pamoja naye, bila kujijua, "Waaaitu."

Kituoni afande alijifungia ofisini robo saa. Kisha alitoka na kijitabu kipya cha leseni. Misalaba ilikuwa imefutwa, lakini yeye alikuwa mtu wa sheria na asingeweza kuacha jambo likining'inia. Kwenye ukurasa wa masharti, kwa mwandiko mzuri na kwa muhuri, alikuwa ameandika: *Mwenye leseni hii haruhusiwi kuingiza gia ya tatu.*

Niseme hapa kwamba sharti hilo Kokubanza alilitii kuliko ndoa. Miaka miwili baadaye aliajiriwa kuendesha Landrova ya kliniki ya akina mama, Bukoba mpaka Muleba, na wajawazito wa njia nzima walimjua kwa mlio wa mbili anapopanda. Mwaka 1981 Muhidini alifungua giaboksi ya Landrova ile. Moja ilikuwa imechoka, mbili imelika, nne inaomba msamaha. Tatu ilikuwa inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani. Alikaa juu ya tairi akacheka mpaka wanafunzi wake wakamletea maji.

"Dada Kokubanza," alisema, "nilikuambia gari lile. Hili lilikuwa na tatu nzima miaka kumi na moja!"

"Na leseni ni ya gari lipi?" alijibu Kokubanza. "Soma hapo. Kuna jina la gari?"

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ya Novemba alitoka kituoni na leseni mkononi, na baba yake alikuwa bado juu ya jiwe. Mzee aliipokea, akaisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, mpaka kwenye muhuri. Akamvulia afande kofia mlangoni. Afande naye akampigia saluti, na hapo ulimi ukazunguka tena shavuni.

Muhidini alibandua herufi L ya mwanafunzi iliyokuwa nyuma ya gari, akafungua mlango wa kiti cha pili, akasimama kando kama askari wa bwana mkubwa. Karugendo hakuingia upesi. Alipangusa kiti kwa kiganja, kwa mazoea, akatoa senene mmoja mmoja akawatia mfukoni. Kisha akainama, akaketi, akatazama mbele. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka, na Kokubanza alijifanya anatafuta ufunguo ambao tayari ulikuwa mahali pake.

Walipanda Rwamishenye. Bibi wa senene aliwapungia mkono bila kuinuka. Mzee alianza kunyonyoa mbawa za senene wake, na upepo ukazichukua nyuma yao. Tambarare ikafika, na mbili ikaanza kulia.

"Hapo," alisema Karugendo ghafla. "Hapo ndipo Bwana Yani alipokuwa anafika. Mimi nikiwa jikoni nasikia inalia, halafu inanyamaza, halafu inarudi chini. Kila siku nilikuwa najiuliza, pale inaponyamaza, mtu aliye ndani huwa anaona nini?"

"Ngoja," alisema Kokubanza, akakanyaga klachi. "Waaaitu..."

Na katika kimya kile kifupi, kati ya mbili na nne, gari lilielea. Hakukuwa na kelele, ila upepo tu na migomba ikipita pande mbili na ziwa likimeta kwa mbali. Halafu nne ikapokea, na mzee Karugendo, mpishi, miaka sitini na mitatu, akapiga ukelele kama mtoto aliyerushwa juu na mjomba wake.

"Rudia!"

Mawe! Waaaitu. Alirudia.

"Rudia!"

Alirudia wakipita Kanazi, akarudia Kemondo, akarudia mbele ya waumini waliokuwa wanatoka kwenye ibada ya asubuhi, mzee sasa akiitikia "waaaitu" kwa sauti ya kwaya. Mara ya nane au ya tisa upepo ulishika kofia ya Bwana Yani, ukaing'oa kichwani, ikabingirika barabarani nyuma yao.

"Tata, kofia!" Kokubanza alianza kukanyaga breki.

Karugendo hakugeuka hata kutazama. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimesimama zote.

"Iache," alisema. "Rudia."